Kiti cha Kando ya Mkwe

Kwa miezi minne mama yangu alipanga safari ya kwenda Unguja. Alitafuta barua, akachanjwa, akajifunza na Kiswahili cha kuombea njia, na mwisho hakwenda. Watu wa kwetu Ushirombo walisema alizuiwa na mila. Nimewaacha waseme hivyo kwa muda mrefu mno.

Majina sitayataja. Waliokufa wapumzike, na waliobaki wana wajukuu wanaosoma shule na hawana haja ya kuona ukoo wao umeanikwa kwenye karatasi. Atakayetujua atatujua tu.

Aliyekuwa Unguja ni kaka yangu, mzaliwa wa kwanza wa mama. Miaka ile, kabla ya uhuru, vijana wetu walikuwa wakienda mbali kutafuta koti na baiskeli. Wengine walikwenda Tanga kukata mkonge, wengine Geita kwenye dhahabu, na wachache wenye vichwa vigumu walivuka bahari kwenda kuchuma karafuu katika nchi ya Sultani. Kaka alikuwa na kichwa kigumu kuliko wote. Mwaka wa kwanza alituma salamu, wa pili akatuma shuka kwa mama, na wa tatu ikaja barua ambayo hakuiandika yeye.

Ilifika misheni pamoja na barua za mapadri, na katekista akaileta nyumbani. Niliisoma mimi, kwa kuwa masista walikuwa wamenifundisha mpaka darasa la nne. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilikuwa nimerudi kwetu baada ya ndoa kunishinda. Mume wangu alisema nina mdomo, nami nikasema ana mikono, tukaachana. Padri hakupendezwa na mimi, wala shangazi wa mume wangu, ambaye alitangaza kijiji kizima kwamba nyumba yetu haina adabu. Huyo shangazi mkumbukeni.

Barua iliandikwa na kijana mwingine wa kwetu aliyekuwa naye huko. Ilikuwa fupi. Ndugu yenu ni mgonjwa. Miguu imevimba, hawezi kukaa, analala tu. Anamtaja mama yake. Njooni mmchukue.

Mama alinifanya niisome mara tatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mjane wa siku nyingi, na sijawahi kumwona akilia mbele ya watu. Niliposoma mara ya tatu alisema, "Nitakwenda kumleta," kisha akaenda kuwapa kuku maji. Nilidhani ni maneno ya uchungu na yatapita. Kumbe alikuwa ameshaanza safari.

Treni ilikuwapo Shinyanga, na mtu mzima angeweza kupanda na kufika pwani bila matata. Lakini mama aliuliza swali ambalo sisi wengine hatukuliuliza: mtu asiyeweza kukaa atarudi vipi kwa treni, kwenye mabenchi ya mbao, watu wamebanana? Alitaka chombo ambacho mwanawe angelala chini, juu ya godoro, kutoka baharini mpaka mlangoni kwake. Hapo ndipo lilipoingia lori, na pamoja na lori akaingia mkwe.

Mkwe alikuwa mume wa dada yangu. Walikaa Geita. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole, dereva wa tajiri mmoja aliyefanya biashara na watu wa migodini. Alikuwa ameshafika Dar es Salaam mara mbili, na kwetu sisi hiyo ilitosha kumfanya bingwa wa dunia nzima. Lori lake lilipita Ushirombo kwenda Kahama karibu kila mwezi, na kila akipita alikuja kutuona, kama inavyowezekana mkwe kuja kumwona mama mkwe.

Vijana wa leo wanakaa na wakwe zao meza moja, wanapigiana vikumbo kwenye harusi. Sisi haikuwa hivyo. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapiti njia moja. Yeye akifika alikohoa tangu kwenye mihogo, na mama aliacha chochote alichokishika akaingia ndani. Mkwe alikaa nyuma ya kihenge cha mtama, mgongo umeelekea mlango. Mimi nilisimama katikati yao kama nguzo ya simu.

"Mwambie mkwe wangu namsalimu, na watoto hawajambo?" mama alisema ndani, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka kwa jirani.

Mkwe alisubiri nimwambie. Nilimwambia. "Mwambie mama hawajambo, mdogo anaota meno." Mama alikuwa amesikia, lakini alisubiri. Nilimwambia mama. Kuna siku nilichoka nikawaambia wote wawili masikio yao ni mazima, waniache nikateke maji. Mama alinitia kofi la mgongo mkwe alipoondoka. Haikuwa dharau kati yao, niamini. Walipendana sana kwa mtindo huo. Mama alikuwa akisema hajaona kijana mwenye adabu kama yule, ingawa kumwona hasa hakuwahi kumwona.

Basi safari yote ilipangwa hivyo, kupitia kinywa changu. Mkwe alituambia kwamba tajiri wake atalituma lori pwani baada ya mavuno, kuchukua mashine ya kusaga itakayoshuka melini. Lori litakwenda na mzigo mdogo. Mama angekaa nyuma juu ya magunia na mkwe mbele kwenye usukani, na mila isingekuwa na la kusema. Kule bandarini kulikuwa na Msukuma mwenzake anayebeba mizigo, ambaye angempandisha mama kwenye meli ya Unguja. Mkwe angesubiri upande wa huku. Mama angevuka peke yake, amchukue mwanawe, arudi naye, na mgonjwa angelazwa nyuma ya lori kando ya mashine.

Mama aliuliza bahari ni nini. Mkwe alijibu kwamba ni maji. Mama akasema hilo analijua, anauliza ukubwa. Mkwe alifikiri sana nyuma ya kihenge, akasema haoni cha kuifananisha nayo. Jibu hilo halikumridhisha mama, akaenda kwa katekista, mwenye kitabu chenye ramani. Katekista alimwonyesha Ushirombo, ambako hapakuandikwa kitu, akamwonyesha pwani, akamwonyesha na kisiwa. Mama alipima kwa kidole. Kutoka kwetu hadi pwani ilikuwa shibiri nzima na zaidi, na kutoka pwani hadi kisiwani ilikuwa nusu ya ukucha.

"Sasa mnanitisha nini?" alisema. "Bahari yenyewe ni ndogo. Kubwa ni nchi."

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba ng'ambo ya ule ukucha kulikuwa na mfalme mwingine na bendera nyingine. Aliambiwa hawezi kutua tu kama kunguru, lazima awe na karatasi. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa mtemi, akakaa barazani siku mbili akisubiri, akarudi na barua yenye mhuri inayosema yeye ni nani na anamfuata nani. Alikwenda zahanati ya misheni akachanjwa ndui, akapewa cheti. Mkono ulimvimba siku nne na alilima hivyo hivyo. Karatasi zile alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka chini ya mto wake, na kila Jumapili baada ya misa alizifungua kuhakikisha mhuri haujafutika.

Halafu kilikuja Kiswahili. Mama alijua Kisumbwa na Kisukuma, na Kiswahili alikijua cha kununulia chumvi tu. Nilimfundisha wakati wa kutwanga. "Naomba njia." "Namtafuta mwanangu." "Mimi ni mama yake, huyu ni mgonjwa, msimsukume." Alirudia maneno yale kwa mpigo wa mchi, mpaka majirani wakayajua. Nilicheka, na alinikaripia kwamba atakayecheka atamlea yeye huyo mgonjwa. Lakini nilikuwa nafurahi. Sijawahi kukaa na mama kwa raha kama miezi ile. Tulikata viazi na kuvianika michembe kwa ajili ya njia. Tulishona godoro la pamba. Alinituma kununua viatu vya mpira, vya kwanza maishani mwake, akavivaa ndani ya nyumba jioni ili miguu ivizoee.

Nilikuwa na wivu pia, nalisema sasa. Nilikuwa msichana aliyeshindwa na ndoa, anayeteka maji kwa mama yake, na nilitamani nivuke mimi. Usiku nilijiona nikishuka melini na kaka yangu mgongoni. Lakini barua ya mtemi haikuwa na jina langu.

Siku tatu kabla ya safari, dereva mwingine wa Geita alipita na ujumbe kutoka kwa mkwe. Tajiri alikuwa amebadili mawazo. Lori litakwenda limejaa ngozi za ng'ombe mpaka juu, limefungwa turubai, na nyuma hakuna nafasi ya mtu isipokuwa taniboi, msaidizi wa dereva, ambaye angejishikilia juu ya kamba. Kurudi hakuna neno, mgonjwa atapata pa kulala. Kwenda, nafasi ni moja tu, kiti cha mbele kando ya dereva. Mkwe alisema hana la kumwambia mama, mama aamue mwenyewe. Akiona haifai, kuna safari nyingine baada ya miezi miwili.

Mtu asiyejua mambo yetu atasema si kiti tu? Ndiyo, ni kiti. Kiti kimoja, paja kwa paja, siku tano, katika barabara ile ya mashimo ambayo kila shimo linamtupa abiria juu ya dereva. Kula mbele yake. Kumwambia asimamishe gari ushuke ujisaidie porini. Mama mkwe aliyefanya hivyo alikuwa hajajivunjia heshima yeye peke yake. Watu waliamini laana inawashukia watoto wa yule mkwe, yaani wajukuu zake mwenyewe. Kanisa lilisema huo ni ushirikina. Lakini hata wazee wa kanisa walikuwa wakiwakimbia wakwe zao, nimewaona.

Mama aliendelea na kazi zake mchana kutwa. Jioni tulikuwa tukibambua karanga uani, akasema bila kuinua kichwa, "Nitakaa mbele."

Nikamwuliza, na mkwe?

"Mkwe ni mtu. Atatazama barabara, nami nitatazama porini. Siku tano si nyingi." Alibambua karanga nyingine kadhaa. "Utakwenda wewe barabarani umwambie. Mwambie ukwe nimeuweka chini. Nimeuweka mimi, si yeye, kwa hiyo kama kuna ubaya utanishukia mimi, si watoto wake. Mwambie anichukue kama gunia. Nikisharudi na mwanangu, nitachinja mbuzi, na heshima tutairudisha mahali pake."

Nilimwambia aje mwenyewe tuondoke wote. Alinitazama kama anayemtazama mtu asiye na akili. Hakuweza kujitokeza mbele ya mkwe kabla mkwe hajakubali. Hiyo ingekuwa kumvamia. Ujumbe utangulie, akikubali nikimbie nyumbani kumwita, na lori lisubiri. Kutoka kwetu hadi barabarani ni mwendo wa kupika ugali tu.

Sasa nafika mahali ambapo nikifika huwa natafuta kazi nyingine ya kufanya.

Ilikuwa siku ya gulio. Lori lilisimama mbele ya duka karibu na misheni, ngozi zinanuka, inzi wamelifunika turubai. Mkwe alishuka, akanipungia mkono, akaja. Palikuwa na watu wengi. Katekista alikuwapo na akina mama watatu wa kanisani. Na kwenye kibaraza cha duka, mikono imekunjwa tumboni, alikuwapo yule shangazi wa mume wangu. Wote walijua habari ya kiti. Kijijini kwetu mambo ya namna ile hayafichiki. Walikuwa wamejipanga kama watu waliokuja kutazama ngoma.

"Shemeji," mkwe alisema, "mama anasemaje?"

Nilikuwa nayo maneno yote. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima. Nilimtazama yule shangazi, nikaona midomo yake imeshaanza kucheka kabla sijasema kitu. Nikasikia tayari watakavyosema kisimani: mama yao amepanda gari na mkwe wake, siku tano, na usiku walilala wapi? Aibu ilinipanda mpaka masikio yakapiga kelele. Mimi niliyeachika kwa ajili ya mdomo sikuwa na mdomo.

Nisijitetee kwa kusema watu walikuwa wamenizunguka. Nilimvuta pembeni, nyuma ya lori, mahali ambapo hakuna aliyetusikia. Pale ningeweza kusema. Nilisema hivi: "Mama amesema haiwezekani. Ni mwiko."

Aliinamisha kichwa. "Nilijua," alisema. "Nisingependa kumshurutisha. Lakini nilidhani kwa ajili ya mtoto..." Hakumaliza.

"Nichukue mimi," nikasema. Shemeji anaweza kukaa na shemeji, hata kutaniana hakuna dhambi.

"Ningekuchukua hata sasa hivi. Una cheti cha chanjo? Una barua?" Alijua sina. "Watakurudisha bandarini, shemeji." Alikaa kidogo akichokonoa tope kwenye gurudumu kwa kijiti. Kisha akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo. "Niende nyumbani nikamsikie mwenyewe? Nitakaa kwenye kihenge kama siku zote. Pengine akinisikia atabadili."

Nilimwambia amwache, analia. Mama hakuwa analia. Mama alikuwa amekaa mlangoni na viatu vya mpira miguuni, kitambaa chenye karatasi kifuani, mafurushi mawili na godoro kando yake, akisikiliza kama nitarudi mbio.

Sikurudi mbio. Aliponiona natembea alielewa nusu. Alisubiri niseme nusu nyingine, kwa sababu hivyo ndivyo alivyozoea, habari za mkwe zitoke kinywani mwangu. Nikasema, "Amekataa. Anaogopea watoto wake."

Unaweza kuniuliza kwa nini. Nimejiuliza zaidi yako. Nisingeweza kumwambia sikusema. Na nilijiambia miezi miwili si kitu, mgonjwa aliyengoja miezi minne atangoja miwili, na safari ijayo nyuma ya lori kutakuwa na nafasi, na uongo wangu utaisha wenyewe bila mtu kuumia. Ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa mjinga, na nilikuwa mwoga, na tangu wakati huo simwamini mtu anayejisifu kuwa na mdomo mkali.

Mama alivua viatu. Alirudisha michembe kwenye chungu. "Amefanya vizuri," alisema. "Ana adabu yule." Lakini sauti yake ilikuwa imekufa, na hakula siku ile.

Barua ya pili ilifika baada ya wiki sita. Kaka alikuwa amefariki. Yule kijana aliandika kwamba walimzika vizuri, wenzake wa karafuu walichangia sanda, na kwamba siku za mwisho alikuwa akiuliza kama lori limefika, maana tulikuwa tumemwandikia kuhusu lori. Niliisoma kwa sauti mpaka mwisho. Sikuruka neno. Nilidhani kusoma yote ni adhabu yangu, kumbe ilikuwa adhabu ya mama.

Alilia siku ile. Alikaa chini uani, miguu ameinyoosha, akalia mbele ya watu wote bila kujifunika uso. Nilikaa karibu naye na nilitaka kumwambia. Nilisema nitamwambia matanga yakiisha. Matanga yaliisha.

Baada ya hapo mkwe aliendelea kuja. Alikaa nyuma ya kihenge, akanituma nimpe mama pole, nikampa. Mama alijibu, "Mwambie nimesikia." Basi. Hakuuliza tena habari za watoto wake. Sukari aliyoleta mama aliigawa kwa majirani, na kitenge alichotumiwa alimpa mwombaji wa misheni. Mkwe alifikiri ni huzuni. Alidhani mama anajichukia kwa kuchagua mila akamwacha mwanawe, na kwa hiyo hakutaka kumgusa mahali pa kidonda. Mama naye alifikiri mkwe alichagua watoto wake akamwacha wake. Kila mmoja alikuwa na huruma na mwenzake kidogo, na hasira kidogo, na hakuna aliyeweza kumwuliza mwenzake ila kwa kupitia kwangu. Sijawahi kuona uongo uliolindwa vizuri namna ile. Mila ililinda mlango na mimi nilishika ufunguo.

Dada yangu alikuja kutoka Geita akaniuliza huku akilia mume wake amemkosea nini mama. Nilisema sijui. Nilikuwa nasonga ugali, na niliendelea kusonga.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Kisha mama akaugua tumbo. Alikonda haraka, padri akaja na mafuta matakatifu, na sote tukajua. Asubuhi moja aliniambia nimwite mkwe. Nikasema sawa, nitamweka kwenye kihenge. "Ndani," alisema. "Hapa."

Mkwe alikuja na lori lenyewe, akaliacha barabarani likiwa na mzigo. Alipoambiwa aingie alisita mlangoni, akavua kofia, akaingia amegeuzia uso ukutani, akapiga magoti hivyo hivyo akitazama udongo.

"Geuka," mama alisema.

Aligeuka. Watu wale walikuwa wamejuana miaka kumi na ushei na ilikuwa mara ya kwanza kuonana uso kwa uso. Mama alimkagua polepole, kama mtu anayetazama picha ya ndugu aliye mbali. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji.

"Siku ile ya lori," mama alisema, "mimi nilikuwa tayari. Niliuweka ukwe chini, nikakutumia neno unichukue kama gunia. Nilivaa viatu. Nilikungoja mlangoni. Wewe ukaniacha. Sikulaumu kwa ajili ya watoto wako, lakini nataka kusikia kwako mwenyewe kabla sijaondoka. Kwa nini?"

Mkwe alinigeukia mimi. Hakunikasirikia. Alinitazama tu, na niliona akihesabu yote nyuma ya macho yake, nyuma ya lori, kijiti na tope, mama analia, mwache. Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Ulimi haukufanya kazi.

Alimrudia mama. "Nilikosa, mayu, mama yangu," akasema. "Niliogopa."

Mama alifumba macho, akafumbua. "Ulikuwa kijana," alisema. "Nimekusamehe." Akatoa mkono kutoka kwenye shuka, mkwe akaushika kwa mikono yake yote miwili, akalia. Mama alifariki siku ya pili yake mchana.

Baada ya mazishi nilimfuata mkwe barabarani. Alikuwa akikaza kamba za turubai. Nilimwuliza kwa nini alisema vile, kwa nini hakunitaja. Alikaza fundo moja, akahamia jingine.

"Alikuwa amekwishapoteza mtoto mmoja," akasema. "Ulitaka nimpotezee na wa pili, amebakiwa na siku moja?"

Nikamwambia naomba anisamehe yeye basi. Alisema hilo halimhusu, mwenye kusamehe tumemzika asubuhi. Hakusema kwa ukali. Alipanda, akawasha gari, akaenda zake Kahama. Mama alikuwa na msamaha mmoja wa kosa lile, akampa asiyekosa, na mimi mwenye kosa nilisimama pale kando ya kitanda chake nimeshika kikombe.